Mpwa mwenye simu, studio ya kukodi kwa saa au kampuni ndogo ya mtandao: podikasti yako umpe nani

Jumamosi iliyopita mama mmoja tuliyekuwa majirani zamani kule Tabata, mkunga mstaafu, mtu aliyezalisha watoto mpaka na wao wamezaa, kanipigia simu niende kwake nikamsomee karatasi. Nimefika, shikamoo mama, marahaba mwanangu, hata chai sijaimaliza katoa kwenye mkoba profoma mbili, zile karatasi za makadirio ya bei. Moja ya studio ya kukodi kwa saa, nyingine ya kampuni ndogo ya mtandao, wale watu watatu wanne wenye laptopu na chumba kimoja, yaani kama hii ninayofanyia kazi mimi huku Kijitonyama. Afu akamnyooshea kidole mpwa wake aliyekaa kwenye kochi na simu yake, akasema na huyu naye anadai ataifanya bure, sasa hii si ndo kazi yako, niambie nishike lipi.

Anachotaka ni kipindi cha sauti cha nusu saa kila wiki kwa wasichana wenye mimba ya kwanza. Kliniki uanze lini, damu inapungua kwa nini, dalili gani ukiziona usingoje asubuhi, uchungu ukianza ubebe nini kwenye kikapu, na yale maneno ya mawifi na mama wakwe kwenye arobaini, lipi la kweli na lipi la kuachwa. Ana vitu kichwani vya kujaza miaka mitatu bila kurudia.

Nimekaa naye mpaka magharibi. Nayaandika hapa niliyomwambia kwa sababu kila wiki ofisini anaingia mtu na swali hilo hilo, na wengi wanakuja wakiwa wameshalipa mahali. Nianze kusema kwamba mimi nalipwa mshahara na kampuni ya aina hiyo ya tatu kwa hiyo nina upande, ila kuna watu nimewaambia wazi wasitulipe na nitasema ni akina nani.

Kabla ya bei, fidi

Hapa ndo pana kila kitu kwa hiyo nitakaa kidogo. Podikasti sio ile sauti uliyorekodi. Sauti ni faili tu, unaweza kuituma WhatsApp na haijawa podikasti. Kinachoifanya podikasti ni fidi ya RSS, faili moja la maandishi linalokaa kwenye seva, ndani yake kuna jina la kipindi, anwani ya picha ya kava, maelezo, na orodha ya kila episodi pamoja na anwani ya mahali sauti yake ilipowekwa. Apu zote zinakuja kulisoma lile faili kila baada ya muda, zikikuta kuna mstari mpya zinamwambia msikilizaji kuna kipya. Apple Podcasts kwa mfano, kwa kipindi cha kawaida haihifadhi sauti zako, yenyewe inajua tu fidi yako iko wapi. Ndo maana mambo haya yana umri, kubandika sauti kwenye RSS kulianza mwaka 2000 hivi, neno lenyewe likatokea kwenye gazeti la The Guardian Februari 2004, Apple wakaiingiza iTunes Juni 2005, na hadi leo hakuna mwenye mtandao wote wa podikasti mkononi kama ilivyo kwa mitandao mingine.

Sasa faida yake uione hivi. Google Podcasts ilifungwa 2024. Stitcher ilifungwa Agosti 2023. Hizo zilikuwa apu kubwa zenye wasikilizaji wengi, zimezimwa, na vipindi vyenyewe havikufa, kwa sababu fidi ilikuwa kwingine, msikilizaji kahamia apu nyingine kakuta kipindi kiko pale pale na episodi zake zote.

Lakini geuza upande wa pili. Ukipoteza fidi, yaani anayeishika ni mtu mwingine na mmegombana au kasafiri au kafunga biashara, huna kipindi. Wasikilizaji wako wote wamejiunga na ile anwani. Utaanza upya na jina lile lile, wenzio wataendelea kungoja kwenye anwani ya zamani wakidhani umeacha. Na kuna kitu watu hawakijui, ndani ya fidi kuna imeili, Spotify wakitaka kuhakikisha kwamba kipindi ni chako wanatuma namba ya siri kwenye imeili hiyo iliyoandikwa kwenye fidi. Kwa hiyo mwenye imeili ndo mwenye kipindi. Haijalishi sauti ni ya nani, haijalishi nani kalipa.

Limenikuta hili nikiwa kazi yangu ya kwanza, kampuni siitaji. Mteja wetu alikuwa mwalimu anaelezea sheria ndogondogo za ardhi, kipindi kizuri, watu wanamsikiliza hadi mikoani. Kijana aliyemfungulia akaunti alitumia imeili yake binafsi kwa sababu ilikuwa haraka. Kaondoka kazini, kabadilisha laini, imeili ile haifunguki tena, namba ya kurudishia ilikuwa ile laini iliyokufa. Episodi arobaini na kitu. Tulijaribu kila njia na hatukuweza hata kubadilisha picha ya kava. Mwalimu hakupiga kelele, alituuliza tu kwa hiyo ndo basi? Mpaka leo nikikumbuka sauti yake inaniuma, kwa sababu ilikuwa kazi ya dakika tano kuifanya vizuri siku ya kwanza.

Kwa hiyo ukija na profoma tatu, swali la kwanza usiulize maiki gani, uliza fidi itafunguliwa kwa imeili ya nani, domeni, yaani jina la tovuti, itasajiliwa kwa jina la nani, na zile rekodi ghafi ambazo hazijakatwa zinakaa wapi. Nilimwandikia mama maswali hayo matatu nyuma ya bahasha na tukapitisha kila njia hapo.

Mpwa na simu

Wengi wenye kampuni kama zetu wanaidharau hii njia na mimi siidharau hata kidogo. Simu za sasa zinarekodi vizuri kuliko unavyodhani, shida kubwa ni chumba na umbali wa mdomo. Ukimchukua mtu umemkalisha sebuleni Tabata, sakafu ya marumaru, kuta tupu, dirisha la aluminiamu limeachwa wazi, simu iko mezani mita moja na nusu, utapata sauti ya kwenye pipa, hata ukileta maiki ya studio nayo itakupa pipa. Mama tulimhamishia chumbani, kitandani kuna godoro, kabati limefunguliwa vitenge vimening'inia, pazia zito, tukamfunga maiki ndogo ya kubana kwenye kola ambayo mpwa aliiazima, tukarekodi dakika mbili na kusikiliza kwa iafoni. Akashangaa mwenyewe, akasema mbona nasikika kama redioni.

Kuna vitu vya kujua ambavyo ni vya kwetu hapa. Zima feni. Weka simu hali ya ndege, maana simu ikiita katikati rekodi inaweza kukatika na mgeni ameshafika kwenye machozi. Chagua saa, kwa mama tuliona kuanzia saa nne asubuhi watoto wameshaenda shule na muuza samaki ameshapita, alfajiri pametulia ila kuna majogoo na adhana, jioni sahau kabisa kwa bodaboda. Na msimu wa masika kama nyumba ni ya bati, rekodi episodi tatu nne za akiba Februari, kwa sababu mvua ikishaanza kugonga bati hakuna programu itakayoitoa ile sauti ikabaki na ya mtu.

Kuediti, Audacity ni ya bure na ipo tangu 2000, inatosha kabisa, ila inataka kompyuta. Kuweka mtandaoni, huyu mpwa alisema atatumia Anchor. Ndo jina watu walilozoea lakini Spotify waliinunua 2019, wakaiita Spotify for Podcasters 2023, na mwishoni mwa 2024 ikawa Spotify for Creators, ni ile ile na ni bure. Bure kweli, hakuna kikomo cha saa. Buzzsprout nao wana bure lakini soma masharti, ya bure inakupa saa mbili kwa mwezi na kila episodi inakaa siku 90 afu inaondolewa, kwa kipindi cha mama ambacho msichana atakitafuta siku akijua ana mimba, yaani labda mwaka kesho, hiyo haifai.

Tatizo la njia ya mpwa halipo kwenye vifaa. Lipo kwenye wiki ya sita. Nimeona vipindi vingi mno vikifia hapo kati ya episodi ya tano na ya nane. Kijana anapata kibarua, au mitihani ya chuo imefika, au anachoka tu, na huwezi kumdai kwa sababu hukumlipa. Nusu saa ya mazungumzo mimi mwenye uzoefu inanichukua saa tatu mpaka nne kuikata, kusawazisha sauti, kuandika maelezo, kutengeneza klipu na kupandisha. Mtu anayejifunza weka sita. Sita kila wiki bure ni upendo mkubwa, na upendo una likizo. Nilimwambia mama kama ni mpwa basi mlipe, hata kidogo, kwa kila episodi inayotoka, sio kwa mwezi.

Na imeili asifungue kwa ya kwake.

Nani wa kubaki hapa na asitulipe sisi? Mtu anayetaka kujaribu kama ana la kusema. Toa episodi kumi kwa simu. Ukifika ya kumi na bado una hamu, hapo ndo uanze kuangalia profoma. Mtu ambaye hajatoa hata moja anataka nembo, jingo, tovuti na kamera tatu, huyo nampenda kama mteja lakini namwonea huruma, kwa sababu hela ikiisha ndo kwanza anagundua kazi ilikuwa kuongea.

Studio ya saa

Ile profoma ya studio ilikuwa ya kueleweka, nikaisifia. Saa moja bei hii, kamera kila moja bei hii, kuediti kunalipwa peke yake. Dar sasa zipo nyingi, Sinza, Mikocheni, Mwenge kule, meza ya mbao, taa za rangi, maiki zenye mikono. Faida yake inajulikana, sauti safi siku yoyote hata mvua ikinyesha, jenereta ipo, na picha inavutia. Na vidio ina maana hapa kwetu, watu wengi Dar ukiwaambia podikasti wanafikiria YouTube, watu wawili wamevaa iafoni kubwa wanaongea.

Ila studio inauza chumba. Ukitoka na fleshi yako wao wamemaliza. Fidi, maelezo, kava ya kipimo sahihi, Apple wanataka picha ya mraba kuanzia 1400 kwa 1400 mpaka 3000 kwa 3000, kuijibu ile komenti ya binti anayeuliza kitu cha haraka saa tano usiku, hayo yote bado yako mikononi mwako. Na saa inakimbia. Kwa mama hili lilikuwa kubwa kuliko bei, kwa sababu wageni wake ni wasichana wenye vichanga. Umpandishe daladala mbili kutoka Mbagala mpaka Sinza na mtoto wa wiki tano, afike jasho linamtoka, mtoto alie, anyonye, na nje kuna mtu anaangalia saa. Hatasimulia kilichompata leba. Kwenye kitanda cha bibi mkunga atasimulia.

Afu hesabu ya bando, hii sijui kwa nini watu wa vidio hawaisemi. Nusu saa ya sauti ya MP3 ya mono kwenye kiwango cha kilobiti 64, ambayo kwa mazungumzo inatosha, ni kama megabaiti 14. Ukiweka 128 ni 29 hivi. Nusu saa hiyo hiyo ya vidio ya kawaida tu isiyo ya ubora mkubwa inaweza kufika 200. Msichana wa Chanika anayeweka bando la siku ataisikiliza ya 14, ya 200 ataangalia dakika tatu aache. Na wengi wana bando la mitandao ya kijamii tu, WhatsApp inafunguka, linki ya Spotify haifunguki, kwa hiyo nilimshauri mama, njia yoyote atakayochukua, ile MP3 ndogo iende pia moja kwa moja kwenye kundi la WhatsApp kama faili. Haitahesabiwa kwenye takwimu za wasikilizaji. Itasikilizwa, na ndo alichotaka.

Pesa ya YouTube nayo watu wananiuliza sana, kupata mgao wa matangazo kwa njia ya vidio ndefu unatakiwa uwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Inawezekana, ila usikodi studio kwa mkopo ukitegemea hiyo.

Studio namshauri mtu mwenye mada ya mjini, wageni wenye usafiri wao, na hasa kama ana mdhamini anayetaka kuonekana. Au mtu wa kawaida anayeenda siku moja kwa mwezi anarekodi nne mfululizo, hiyo inaokoa hela sana kama una pumzi ya kuongea saa mbili na nusu bila kuchuja.

Kampuni ndogo ya mtandao

Hii naijua kutoka ndani kwa hiyo nitaikagua zaidi. Profoma ya mama ilikuwa ya kifurushi cha mwezi, episodi nne, kuediti, kupandisha kwenye "mapulatfomu yote", tovuti, klipu za mitandao. Bei nzuri tu. Nilipoisoma mara ya pili nikaona yaliyokosekana.

"Mapulatfomu yote" maana yake nini? Kupeleka fidi Apple na Spotify ni kazi ya mara moja, ukishaisajili zenyewe zinavuta kila episodi. Kuna mahali nimeona mteja anatozwa kila mwezi kwa kupandisha Apple kana kwamba mtu anaibeba kwa toroli. Lipia kuediti, lipia kuandika maelezo, lipia mtu wa kujibu, hiyo ni kazi kila wiki. Usilipie tena jambo lililokwisha.

Tovuti wameandika domeni bure. Domeni ya bure mara nyingi inasajiliwa kwa jina la kampuni, na siku unaondoka unaambiwa hiyo ni mali yetu. Ya .co.tz unasajili mwenyewe kupitia wasajili waliothibitishwa, gharama yake ya mwaka haitishi, sajili kwa jina lako afu uwape ruhusa ya kuiongoza. Na sauti zitakaa wapi? Kama kampuni inaziweka kwenye seva ile ile ya tovuti, ile ya kushea na watu wengine, piga hesabu, faili la megabaiti 29 likishushwa mara elfu moja ni gigabaiti 29, tovuti inaanza kukwama siku ile ile kipindi kimependwa. Sauti iwekwe kwenye hostingi ya podikasti, yaani huduma ya kuhifadhia sauti za vipindi, tovuti ibaki ya maandishi na kitufe cha kusikilizia. WordPress, ule mfumo wa kutengenezea tovuti, ina plagini, yaani programu ndogo za kuongezea, kama PowerPress na Seriously Simple Podcasting zinazotengeneza fidi kwenye domeni yako mwenyewe huku sauti iko kwingine, mimi ndo napenda hivyo kwa mtu anayejipanga muda mrefu. Hostingi ya kulipia kama Transistor inaanzia dola 19 kwa mwezi na unaweka vipindi zaidi ya kimoja, kwa hiyo kampuni inaweza kugawana gharama hiyo kwa wateja kadhaa. Ni halali, ila basi uandikwe mkataba kwamba ukiondoka watakuwekea rediyarekti ya 301, yaani agizo kwenye anwani ya zamani linalozipeleka apu kwenda fidi yako mpya. Hilo neno liandikwe hivyo hivyo, namba 301. Ndo inayowahamisha wasikilizaji wote bila wao kujua kitu.

Anayelipia mwenyewe hostingi ya nje asisahau kadi. Wengi tunatumia kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye M-Pesa, inafanya kazi vizuri, ila siku ya makato ikikuta salio halipo ukapuuza zile imeili za kukumbushwa, kipindi kinaweza kufungiwa. Weka alamu kwenye simu siku tatu kabla.

Kitu kingine ambacho kampuni nzuri ingekuambia kabla hujauliza ni sheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, na ada na makundi ya leseni vimekuwa vikibadilika humo, kwa hiyo usimsikilize mtu wa kundi la WhatsApp, nenda mwenyewe TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pale Mawasiliano Towers barabara ya Sam Nujoma ueleze kipindi chako ni cha nini upewe jibu la kwako. Kwa mama kuna na la pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Taarifa za afya za mtu ni nyeti. Msichana akisimulia mimba yake iliyoharibika, lazima awe amekubali akijua inaenda wapi, na mimi nashauri akubali mara mbili, kabla ya kurekodi na baada ya kuisikia imeshaeditiwa, kwa sababu mtu akishajisikia ndo anajua alichosema. Profoma haikugusa hili hata kwa mstari mmoja, na ni watu wanaouza huduma kwa mkunga. Hapo nilikasirika kidogo nakiri.

Muziki pia. Usiweke biti ya Bongo Fleva mwanzoni ukisema ni sekunde kumi tu. Hakuna sheria ya sekunde kumi. Ama upate kibali cha maandishi kwa mwenye kazi, COSOTA, watu wa hakimiliki, wapo wa kuuliza, ama umlipe kijana akupigie gitaa sekunde ishirini mkaandikiana.

Pamoja na hayo yote, kampuni ndogo ikiwa nzuri inakupa kitu ambacho mpwa na studio hawana, mtu wa kukudai. Jumanne saa nne simu inaita, mama, episodi ya wiki hii iko wapi. Nimeona watu wazima wenye maarifa makubwa wakiendelea mwaka wa pili kwa sababu tu kuna binti ofisini kwetu hawezi kuacha kuwapigia. Na sauti zote zinafanana kwa ukubwa, kiwango kinacholengwa ni LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, 16 chini ya sifuri ambacho Apple wanakipendekeza, msikilizaji hahangaiki kupandisha na kushusha sauti ndani ya daladala. Na nakala. Mwezi Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika intaneti ikawa ya kubahatisha, waliokuwa na rekodi zao kwenye mtandao peke yake walikwama kuediti, waliokuwa na diski ofisini waliendelea wakangoja tu kupandisha. Uliza, nakala ngapi na ziko wapi. Akisema zipo salama, uliza tena.

Ubaya wetu nausema pia. Kampuni ya watu wanne mmoja akiumwa kazi ya robo ya wateja inasimama. Wateja wakubwa wakija, mdogo anasogezwa Ijumaa, afu Jumatatu. Kwa hiyo mkataba wa miezi mitatu, usikubali mwaka, lipa kwa episodi zilizotoka, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na angalia kama wamesajiliwa BRELA, kwa wasajili wa makampuni.

Tulichofanya na mama

Nilimwambia sioni haja ya kuchagua moja. Arekodi chumbani kwake na mpwa, mpwa alipwe kwa kila episodi. Kampuni ipewe kazi ya kuediti, fidi na kumpigia simu tu, tovuti na klipu zitolewe kwenye profoma kwa sasa, bei ishuke. Studio aende mara moja, wikiendi moja, arekodi utangulizi na picha za kava, basi. Akauliza na kama hawa wa kampuni watakataa kuiondoa tovuti kwenye profoma? Nikamwambia wakikataa atakuwa amejua kitu kabla hajalipa.

Afu tukafungua imeili ya kipindi pale pale kwenye kochi, kwenye simu yake, namba ya kurudishia akaunti ni ya kwake, ya pili ya binti yake aliyeko Morogoro. Paswedi aliiandika mwenyewe kwa ule mwandiko wa manesi wa zamani uliolala, kwenye daftari lenye jalada gumu, akalirudisha kwenye sanduku la chuma penye cheti chake cha ukunga. Mpwa akachukua nauli, akatoka kwenda mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kuulizia maiki za kola mbili, ya bibi na ya mgeni.